Kuomba kibali cha ukaazi wa muda ugenini: hatua kwa hatua, kuanzia nyaraka hadi kadi mkononi

Mtu anaweza kuwa na kazi, fedha na sababu halali ya kuhama, na bado faili lake likarudishwa kwa sababu cheti cha polisi kimepitwa na siku chache, au kwa sababu jina la tatu limo kwenye pasipoti lakini halimo kwenye cheti cha kuzaliwa. Afisa anayelifungua faili hakujui. Anachokijua ni karatasi zilizo mbele yake, na kazi yako ni kuhakikisha kwamba siku atakayozisoma zote zinasema jambo moja, na hakuna hata moja iliyokwisha muda wake. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata kanuni hiyo.

Jua kwanza unaomba nini

Viza ya kutembea, viza ya muda mrefu na kibali cha ukaazi ni vitu vitatu tofauti. Kuvichanganya ndiko kunakowapotezea watu muda mwingi.

Viza ya kutembea inakupa siku za kukaa, basi. Katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya kutembea, ni siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180, na hesabu hiyo haianzi upya mwezi wa kwanza wala mwezi wa saba: kila siku unayokuwa ndani, unahesabu siku 180 kurudi nyuma na kuona umeshatumia ngapi. Viza ya muda mrefu, ambayo Ulaya huitwa aina ya D, inakuruhusu kuingia ili upate kibali. Kibali chenyewe, kiwe kadi au kumbukumbu ya kidijitali, ndicho kinachokupa haki ya kuishi pale kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi.

Namna vitu hivi vinavyofuatana hutofautiana nchi na nchi. Meksiko ina ngazi mbili zilizo wazi: ubalozi mdogo unakupa viza ya kuingia mara moja yenye uhai wa siku 180, kisha ukishaingia una siku 30 za kuanza kuibadilisha kuwa kadi katika ofisi ya uhamiaji. Kadi ya kwanza huwa ya mwaka mmoja, na ukaazi wa muda kwa jumla hauzidi miaka 4. Ureno hutoa viza ya ukaazi ya miezi 4 yenye kuingia mara mbili, na kadi hutolewa baadaye na AIMA, taasisi iliyochukua kazi hiyo mwishoni mwa Oktoba 2023. Ufaransa ina viza iitwayo VLS-TS ambayo yenyewe ni kibali, ila ni lazima uithibitishe mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu uingie. Uingereza imeacha kadi za plastiki na kuhamia kwenye kumbukumbu ya mtandaoni iitwayo eVisa. Kabla hujajaza fomu yoyote, jua nchi unayoiendea inatumia mfumo upi, maana mfumo ndio unaoamua ni karatasi gani unazimaliza ukiwa kwenu na zipi unazibeba mkononi.

Chagua msingi wa ombi

Kila kibali kinasimama juu ya sababu: ajira, masomo, utafiti, kuungana na familia, kipato kinachotoka nje kama pensheni au kazi ya mtandaoni, au biashara. Chagua sababu unayoweza kuithibitisha kwa karatasi, hata kama ipo nyingine inayovutia zaidi. Mwenye barua ya chuo na ada iliyolipwa asijaribu kupita njia ya mjasiriamali kwa sababu tu amesikia ina masharti mepesi.

Kabla ya kuamua, tafuta majibu ya maswali manne katika tovuti ya serikali ya nchi hiyo. Je, kibali hiki kinaruhusu kufanya kazi, na kwa saa ngapi kwa wiki? Mwenzi wako naye ataruhusiwa kufanya kazi? Je, miaka utakayokaa itahesabiwa ukija kuomba ukaazi wa kudumu? Na je, unaweza kuhamia msingi mwingine ukiwa humo humo, bila kurudi kwenu kuanza upya? Swali la tatu watu hulisahau. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003, ukaazi wa muda mrefu hudaiwa baada ya miaka 5 mfululizo ya kuishi kihalali, lakini muda wa masomo unaweza kuhesabiwa nusu tu. Anayekwenda kusoma kwa miaka 4 akidhani amebakiza mmoja, kwa hesabu hiyo bado ana mitatu. Kwa upande mwingine, sheria ya Umoja huo ya 2016 kuhusu wanafunzi na watafiti inampa aliyehitimu angalau miezi 9 ya kutafuta kazi au kuanzisha shughuli yake. Nafuu hiyo haimfikii aliyeingia kwa viza ya kutembea.

Na hapo tuseme wazi: usiingie kama mtalii ukiwa na mpango wa kugeuza viza ukishafika, ila kama sheria ya nchi hiyo imetamka kwa maandishi kwamba inaruhusiwa kwa uraia wako na kwa aina yako ya kibali. Nchi nyingi zinakataa, na nyingine huhesabu kwamba ulisema uongo mpakani ulipoulizwa unakuja kufanya nini.

Ombi la nje hupelekwa ubalozini katika nchi ya uraia wako, au katika nchi unayoishi kihalali. Ukiwa unaishi nchi ya tatu, ambatisha kibali chako cha huko, kikiwa na miezi ya kutosha mbele. Angalia pia mgawanyo wa maeneo. Ubalozi mmoja unaweza kuhudumia nchi kadhaa, au nchi moja ikagawanywa kati ya balozi ndogo mbili, na aliyekwenda kusiko eneo lake hurudishwa dirishani.

Panga kalenda kwa kurudi nyuma

Chukua tarehe unayotaka kusafiri, ondoa muda wa uamuzi uliotajwa rasmi, ondoa muda wa kusubiri miadi, na siku inayobaki ndiyo siku faili liwe limekamilika. Kisha gawa nyaraka zako mafungu mawili: zinazochelewa kupatikana lakini hazizeeki, na zinazopatikana upesi lakini huzeeka. Za kwanza anza nazo leo. Za pili zisubiri.

Kosa la watu wenye bidii ni kukimbilia cheti cha polisi kwanza, kwa kuwa kinajulikana na kila mtu. Cheti hicho kwa kawaida hukubaliwa kikiwa na miezi 3 au 6 tu tangu kitolewe. Ukishakipata, ukakipeleka kuidhinishwa, ukatafuta mfasiri na ukangoja miadi, kimeshakufa kabla hakijasomwa. Mpangilio unaofaa ni huu:

1. Pasipoti. Ihuishe mapema ikiwa muda wake utaisha kabla ya kibali unachoomba, kwa sababu nchi kadhaa hazitoi kibali kinachopita mwisho wa pasipoti, na utajikuta umelipa ada ya mwaka mzima ukapewa miezi minane. Iwe na angalau kurasa mbili tupu. Ukurasa wa picha uliochanika au kuingiwa na maji ni sababu tosha ya kukataliwa.

2. Vyeti vya kiraia: kuzaliwa, ndoa, talaka, vyeti vya watoto. Omba nakala ndefu yenye majina ya wazazi, si ile fupi. Baadhi ya nchi hutaka nakala iliyotolewa karibuni na msajili, hata kama uliyonayo ni halisi na safi.

3. Vyeti vya elimu, pamoja na utambuzi wake ikiwa taaluma yako inadhibitiwa, kama uuguzi, udaktari au ualimu. Utambuzi huchukua miezi na mara nyingi hudai muhtasari wa masomo uliyosoma kutoka chuoni.

4. Cheti cha polisi. Soma ufafanuzi kwa makini: wengine wanataka cha nchi unayoishi sasa tu, wengine cha kila nchi uliyokaa kwa kipindi fulani ndani ya miaka kadhaa iliyopita.

5. Uchunguzi wa afya, bima na taarifa za benki, mwisho kabisa. Cheti cha kifua kikuu cha Uingereza huishi miezi 6. Uchunguzi wa afya wa Kanada huishi miezi 12.

Majina: hapa ndipo faili hukwama

Fungua ukurasa wa picha wa pasipoti utazame chini. Kuna mistari miwili ya herufi 44 kila mmoja, iliyojaa alama za <. Huo ndio utambulisho wako machoni pa mashine, na kila karatasi itapimwa kwa mistari hiyo. Alama mbili, <<, hutenganisha jina la ukoo na majina mengine. Kama pasipoti imeweka jina la babu yako upande wa ukoo, basi ndilo jina lako la ukoo katika fomu, hata kama kazini na benki unaitwa kwa jina la baba. Mwenye jina moja tu pasipoti nzima huandika kama maelekezo ya nchi hiyo yanavyosema, wala asibuni jina la pili ili kujaza kisanduku.

Panga nyaraka zako zote mezani na uandike jina kama lilivyo katika kila moja, herufi kwa herufi. Tofauti utakazozikuta ni za namna mbili, na kila moja ina dawa yake.

Tofauti ya uandishi, kama Mohamed na Mohammed, au jina la tatu kuachwa, au jina la kabla ya ndoa, kwa kawaida hutatuliwa kwa hati ya kiapo inayosema majina hayo ni ya mtu mmoja, pamoja na cheti cha ndoa panapohusika. Hati hiyo nayo ni waraka kama nyingine: itahitaji kuidhinishwa na kutafsiriwa, kwa hiyo iingize kwenye hesabu ya muda. Kosa la kweli ni jambo jingine. Tarehe ya kuzaliwa isiyolingana, jina la mama lisilo lake, jinsia iliyoandikwa vibaya, haya yarekebishwe kwa msajili aliyetoa cheti. Kiapo juu ya tarehe mbili tofauti za kuzaliwa hakimsaidii afisa, maana bado hajui ipi ni ya kweli, na atakachofanya ni kukuandikia barua ya kutaka maelezo au kukukatalia.

Kuidhinisha na kutafsiri

Cheti cha nchi moja hakina nguvu nchi nyingine mpaka mtu anayeaminika aseme kwamba sahihi na muhuri uliopo ni wa kweli. Kuna njia mbili za kufanya hivyo.

Njia fupi ni apostili, iliyoanzishwa na Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Inafanya kazi tu ikiwa nchi iliyotoa waraka na nchi inayoupokea zote ni wanachama, na mkataba unatumika kati yao. Orodha ya wanachama inazidi kukua: China iliingia rasmi Novemba 2023 na Kanada Januari 2024, kwa hiyo maelekezo ya zamani yanayozunguka mtandaoni kuhusu nchi hizo yamepitwa. Tazama orodha ya sasa kabla ya kulipa.

Apostili ni karatasi au muhuri wa mraba, kila upande usiopungua sentimita 9, wenye kichwa cha habari kwa Kifaransa na mistari kumi yenye namba: nchi, jina la aliyetia sahihi, cheo chake, muhuri ni wa nani, mahali, tarehe, mamlaka iliyothibitisha, namba ya usajili, muhuri, sahihi. Ukipokea yako, linganisha mstari wa pili na jina la ofisa aliyesaini cheti chako. Wakitofautiana, irudishe hapo hapo. Usichomoe pini wala uzi unaoiunganisha na cheti, hata kwa ajili ya kupiga nakala, kwa sababu ikishaachana nacho hakuna anayeweza kujua ilikuwa ya karatasi gani.

Mambo mawili hueleweka vibaya. Kwanza, apostili hutolewa na nchi iliyotoa waraka. Shahada ya India inapata apostili India, hata kama mwenye nayo anaishi bara jingine. Pili, apostili yenyewe haina tarehe ya mwisho, lakini cheti kilicho chini yake kinaweza kuwa nayo. Apostili ya mwaka juzi juu ya cheti cha polisi cha mwaka juzi haikusaidii kitu.

Pia jihadhari na nakala. Apostili iliyowekwa juu ya nakala iliyothibitishwa na wakili inathibitisha sahihi ya wakili, haisemi lolote kuhusu chuo au msajili. Kuna nchi zinazoipokea na kuna zinazoikataa. Ukiwa na mashaka, peleka cheti halisi.

Njia ndefu ni mnyororo wa kuidhinisha, pale ambapo nchi mojawapo si mwanachama. Waraka huanzia kwa mamlaka iliyoutoa, unapanda hadi wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo, kisha unamalizia kwenye ubalozi wa nchi unayoiendea. Kila hatua inathibitisha sahihi ya hatua iliyotangulia tu. Ukiruka moja, inayofuata haiwezi kukuhudumia, na utarudi mwanzo. Uliza mapema kama ubalozi huo una siku maalumu za kupokea nyaraka, na kama unataka ada kwa kila ukurasa au kwa kila waraka.

Tafsiri huja baada ya yote haya, ili mfasiri atafsiri cheti pamoja na apostili au mihuri yake. Ukitafsiri kwanza utalipa mara mbili. Tumia mfasiri aliyeapishwa anayetambuliwa na nchi inayopokea; mwenye Kiingereza au Kijerumani kizuri tu hatoshi. Mpe nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti na umwambie majina yafuate pale. Kisha soma tafsiri ukiwa na kalamu: tarehe zote, namba zote, na maandishi ya mihuri iliyo nyuma ya karatasi, ambayo wafasiri wenye haraka huiacha.

Fedha: kiasi, muda na chanzo

Watu huangalia kiasi tu. Afisa anaangalia mambo matatu: ni kiasi gani, zimekaa muda gani, na zimetoka wapi.

Kuhusu muda, Uingereza ni mfano mzuri wa ukali. Kwa maombi mengi kama ya masomo, kiasi kinachotakiwa kiwe kimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, na siku ya mwisho ya kipindi hicho isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya tarehe ya ombi. Salio likishuka chini ya kiwango siku ya kumi na tisa kwa sababu ulilipa kodi ya nyumba, hesabu inaanza upya. Ndiyo maana ni busara kuweka fedha hizo kwenye akaunti ya pekee ambayo haiguswi na matumizi ya kila siku, na kuacha nyongeza kidogo juu ya kiwango, kwa kuwa kiwango cha ubadilishaji kinaweza kukushusha bila wewe kutoa hata senti.

Ujerumani hutumia njia nyingine kwa wanafunzi: akaunti iliyofungwa, ambamo unaweka fedha za mwaka mzima na kuruhusiwa kutoa sehemu ya kila mwezi tu. Kiwango hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo kithibitishe wiki unayotuma fedha, maana upungufu mdogo unasimamisha faili zima.

Chanzo ndicho kinachowaangusha waliokopa kwa ndugu siku chache kabla. Taarifa ya benki inayoonyesha salio dogo kwa miezi mitano kisha mzigo mkubwa ukaingia kwa siku moja inazua swali, na swali lisilojibiwa hugeuka sababu ya kukataa. Ikiwa fedha ni halali, toa jibu kabla hujaulizwa: mkataba wa mauzo ya kiwanja, hati ya mafao, au barua ya zawadi yenye taarifa ya benki ya aliyetoa inayoonyesha zikitoka kwake. Mdhamini naye anahitaji zaidi ya barua: kitambulisho, uthibitisho wa uhusiano wenu, hati za mishahara, na taarifa ya benki ya kwake.

Bima, afya na makazi

Soma maneno ya bima yenyewe. Bima ya safari ya Schengen, ile ya kiwango cha chini cha euro 30,000, imetengenezwa kwa ajili ya dharura za msafiri na mara nyingi haikubaliki kwa kibali cha mwaka. Nchi nyingi hutaka bima inayofanana na ya wenyeji, isiyo na makato makubwa, na inayoanza siku ya kuingia. Uingereza haidai bima binafsi. Inatoza ada ya afya kwa miaka yote ya kibali, na hulipwa kwa mkupuo wakati wa kuomba. Waombaji wengi hushtushwa na jumla hiyo dakika ya mwisho, hasa familia.

Makazi huthibitishwa kwa mkataba wa pango, barua ya mwenyeji wako pamoja na hati zake, au uthibitisho wa bweni. Kama unakwenda nchi inayosajili anwani, hakikisha kabla ya kulipa kwamba mwenye nyumba anaruhusu usajiliwe hapo. Chumba cha bei nafuu kisichoruhusu usajili kitakukwamisha kuanzia kibali hadi akaunti ya benki.

Kujaza fomu

Jaza kwanza kwenye karatasi ya rasimu. Tarehe ziangalie mara mbili, kwa sababu nchi nyingine huanza na mwezi na nyingine na mwaka. Kisanduku kisichokuhusu usikiache kitupu. Andika kama fomu inavyoelekeza kwamba hakikuhusu. Historia ya anwani na ajira isiwe na pengo: miezi minne ya kukaa bila kazi iandikwe hivyo hivyo, maana pengo lisiloelezwa humfanya afisa ajiulize ulikuwa wapi.

Swali la kukataliwa viza zamani lijibiwe kweli daima, hata kama ilikuwa nchi nyingine na miaka mingi iliyopita. Nchi hubadilishana taarifa, na alama za vidole zako zinakufuata. Kukataliwa si kosa, lakini kuficha kwamba ulikataliwa ni kosa kubwa: Kanada humfungia miaka 5 aliyetoa taarifa za uongo, na Uingereza inaweza kufika miaka 10. Hili linahusu pia uongo wa wakala. Ukimpa mtu faili lako akaambatisha taarifa ya benki ya kughushi, jina lililo juu ya ombi ni lako na adhabu ni yako. Kwa hiyo usisaini fomu ambayo hujaisoma, lipa ada kwenye akaunti au tovuti rasmi ya serikali, na umwepuke yeyote anayekuhakikishia kwamba utapata.

Andika barua fupi ya maelezo ya ukurasa mmoja: unaomba nini, kwa msingi gani, kwa muda gani, utaishi wapi, utajilipia vipi, na orodha ya viambatisho kwa namba. Kama kuna jambo linaloweza kuzua swali, lieleze hapo kwa sentensi mbili na utaje kiambatisho kinacholithibitisha.

Siku ya miadi

Beba nyaraka halisi na seti mbili za nakala, zimepangwa kwa mfuatano wa orodha ya ubalozi wenyewe. Picha ziwe za kipimo cha nchi hiyo: Schengen ni milimita 35 kwa 45, uso ukichukua asilimia 70 hadi 80 ya picha, wakati Marekani ni mraba wa takriban milimita 51. Picha ya kipimo kimoja haikatwi ikawa ya kingine, kwa sababu uwiano wa uso unapotea. Ncha za vidole ziwe safi, bila jeraha, rangi wala hina, la sivyo mashine haisomi na unapangiwa siku nyingine.

Majibu ya mahojiano yawe mafupi na yalingane na karatasi. Ukiulizwa mshahara, taja ule ulio kwenye mkataba, wala usitaje unaotarajia. Kabla hujaondoka dai risiti yenye namba ya faili, na uhakiki jina lako lilivyoandikwa hapo hapo dirishani.

Wakati wa kusubiri, na ukikataliwa

Usiache kazi, usiuze nyumba, usinunue tiketi isiyorudishwa. Fungua barua pepe uliyoiandika kwenye fomu kila siku, pamoja na sehemu ya barua taka. Ombi la nyongeza ya nyaraka huja na tarehe ya mwisho, na ukiipitisha faili huamuliwa kwa kilichopo. Kama huwezi kupata waraka kwa wakati, jibu kabla ya siku hiyo, eleza sababu, ambatisha risiti ya kuonyesha umeshauomba, na omba muda zaidi.

Ukikataliwa, soma barua kwa kituo, sababu moja baada ya nyingine. Kuna sababu zinazotokana na upungufu wa ushahidi, na hizo mara nyingi hutibiwa kwa ombi jipya lenye kiambatisho kilichokosekana. Kuna zinazotokana na afisa kutafsiri vibaya sheria au kuacha kuangalia waraka uliouweka, na hapo rufaa ina maana. Muda wa rufaa ni mfupi na huanza siku ya kupokea barua, kwa hiyo tunza bahasha yenye tarehe au ujumbe wa barua pepe. Kurudisha faili lile lile bila kubadilisha kitu ni kulipa ada mara ya pili kwa jibu lile lile.

Ukishafika

Saa inaanza kuhesabu siku ya kuingia, na kila nchi ina saa yake. Italia inataka uombe kibali ndani ya siku 8 za kazi, kwa bahasha maalumu inayochukuliwa posta. Hispania inatoa mwezi mmoja wa kuomba kadi ya mgeni iitwayo TIE. Ujerumani inataka usajili anwani ndani ya wiki 2 tangu uhamie nyumbani, ukiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Mahali ambapo miadi ni adimu, tafuta nafasi hata kabla hujasafiri, na hifadhi picha ya skrini inayoonyesha ulijaribu na hapakuwa na nafasi, pamoja na tarehe. Siku ukiulizwa kwa nini umechelewa, ushahidi huo utakutetea.

Kadi ikitoka, isome ukiwa bado ofisini: jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia, mwisho wa muda, na maneno madogo yanayosema kama unaruhusiwa kufanya kazi. Kosa la uchapaji likigunduliwa siku hiyo ni la ofisi. Likigunduliwa mwaka unaofuata unapohuisha, ni lako kulieleza. Ukihama nyumba, ukibadilisha mwajiri au ukipata pasipoti mpya, toa taarifa ndani ya muda uliowekwa, na ukumbuke kwamba vibali vingine vya kazi vimefungwa kwa mwajiri mmoja na ajira mpya inahitaji idhini kwanza.

Kuhuisha anza miezi 3 kabla ya mwisho, au mapema kadiri ofisi inavyoruhusu. Aliyeomba kabla ya muda kuisha huwa na ulinzi katika nchi nyingi hadi uamuzi utoke. Ujerumani humpa karatasi iitwayo Fiktionsbescheinigung, na Kanada huendelea kumhesabu kuwa halali kwa masharti yale yale. Aliyechelewa hata siku moja yuko kwenye hali nyingine kabisa. Kanada humpa siku 90 za kuomba kurejeshewa hadhi yake, na siku hizo hazimruhusu kufanya kazi. Ulinzi huo pia una mipaka ya safari: Uingereza, ukitoka nje ya nchi ombi likiwa halijaamuliwa, unakoma.

Weka daftari la safari zako zote, tarehe ya kutoka na ya kurudi, pamoja na pasi za kupandia ndege, kwa sababu mipaka ya siku hizi mara nyingi haigongi muhuri. Anayetaka ukaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya hatakiwi kuwa nje kwa miezi 6 mfululizo, wala kuzidisha jumla ya miezi 10 katika ile miaka 5, na hesabu hiyo itadaiwa siku kwa siku. Tunza pia nakala ya kila ombi ulilowahi kupeleka, kurasa zote. Ombi linalofuata litalinganishwa na yaliyotangulia, na kitu cha kwanza afisa atakachofungua ni lile la mwanzo.